Spider-Man 2 kama tulivyoiona Kisauni

Tuliokulia Kisauni, Mombasa, miaka ile tukikutana, iwe harusini au hitimani, mazungumzo hayakawii kufika kwa Spider-Man. Simsemi huyu wa siku hizi aliyevishwa nguo zilizojaa mitambo. Wetu ni yule wa Tobey Maguire, na hasa picha ya pili, ya 2004, aliyoiongoza Sam Raimi. Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaani mtu aliuliza tu, "Nani akumbuka lile treni?" Watu ambao hawajasema neno tangu Idi wakaibuka wote. Hadi usiku wa manane simu yangu ilikuwa bado yalia. Ndipo nikaona nikae niandike.

Na nina jambo moja la kutetea. Picha ile hatukuipenda kwa ajili ya kuruka maghorofa. Wa kuruka tulikuwa nao tele, wa Kichina na wa Kihindi, na wengine waliruka vizuri zaidi. Spider-Man 2 tuliipenda kwa sababu shujaa wake alikuwa akidaiwa kodi ya chumba, na kwa sababu siku alipoanguka, watu wasiomjua walimpokea wakamsitiri.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa na banda la vidio upande wa Mlaleo. Banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao, televisheni moja ya kichogo juu ya meza ndefu, na spika mbili kubwa kuliko televisheni yenyewe. Kiingilio shilingi 5 mchana, 10 usiku. Wasichana hatukuwa tukiingia humo. Mimi niliingia kwa jina la mjomba, na nilikuwa na kazi yangu: kufuta CD. Nilikaa kwenye kreti ya soda kando ya deki, kitambaa cha leso kuukuu mapajani, nikifuta kuanzia katikati kwenda ukingoni kama alivyonifundisha, kamwe si kwa kuzungusha. CD ya kwanza ya Spider-Man 2 naikumbuka mgongo wake mpaka leo. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu uliopinda, na kila tulipofika pale kwenye wizi wa benki picha ilikwama, ikawa vijisanduku vya rangi, halafu ikaendelea na mtu mwengine akizungumza. Kopi yenyewe ilikuwa imenaswa kwa kamera ndani ya sinema ya watu huko ughaibuni. Pahali fulani mtu aliinuka kwenda zake, kivuli chake kikakata skrini kutoka kushoto hadi kulia. Nilipokuja kuiona picha safi, miaka mingi baadaye, nilikingoja kivuli kile.

Picha yaanza kijana Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man akivaa kinyago, amechelewa kupeleka piza. Ahadi ya duka ni dakika 29, na bosi wake aitwa Bwana Aziz. Jina hilo lilipotajwa banda zima lililipuka: "Aziz! Kumbe wa kwetu!" Mwigizaji wake ni Aasif Mandvi, nami nampenda hadi leo kwa furaha aliyotupa kwa dakika zile chache. Basi Peter akafutwa kazi. Akaenda gazetini, mhariri Jameson akamfokea. Akarudi chumbani, mwenye nyumba, Bwana Ditkovitch, yuko macho akimngojea na madai yake ya kodi. Mlango ule sisi tuliujua. Nyumba nyingi za kwetu ni za vyumba vya kupanga, ukumbi katikati, milango yatazamana, na mwenye nyumba akija mwisho wa mwezi sauti yake huisikia kila mtu. Ditkovitch alipolitoa lile neno lake moja, wavulana walilitoa pamoja naye: "Renti!" Likawa neno la mtaa. Mtu akijifungia ndani kwa sababu yoyote ile, wenzake walimbishia mlango wakiita "Renti!" Baadaye nikasoma kwamba jina lile la Ditkovitch limetoka kwa Steve Ditko, mchoraji aliyemwanzisha Spider-Man pamoja na Stan Lee mwaka 1962. Nikafurahi kwamba mwenye nyumba wetu alikuwa na ukoo mkubwa.

Kuna pahali Peter anazitoa nguo zake mashineni, ile nguo ya Spider-Man imechuja rangi, nyeupe zote zimeharibika. Nyanya yangu hakuwahi kutia mguu bandani, lakini nilimsimulia jioni akichambua mchicha, akasikitika kabisa. "Na hana mamake wa kumwambia nyekundu hufuliwa peke yake?" Nikamwambia hana mama, ana shangazi. Akataka habari za huyo shangazi. Nikamweleza kwamba benki yataka kumchukulia nyumba, na bado siku ya kuzaliwa ya Peter alimshikisha hela kidogo, na alipotaka kukataa akamkemea hadi akapokea. Nyanya akaacha kuchambua. Naye alikuwa vivyo hivyo. Hela yake ilikaa kwenye fundo la leso, na akikufungulia fundo lile, kukataa ni kumvunjia heshima. Toka siku hiyo kila nikirudi huniuliza, "Na yule mtoto wenu yu hali gani?"

Adui, Daktari Octavius wa Alfred Molina, hakuna aliyemwita kwa jina la Kizungu. Alikuwa Pweza, basi. Mombasa pweza hahitaji kuelezwa; jioni supu yake huuzwa barabarani na watu huinywa wamesimama. Mwenzetu mmoja, babake alikuwa mvuvi wa kwenda miambani maji yakipwa na kuchokoa pweza mashimoni, ndiye aliyetuhesabia: mikono minne ya chuma, miwili ya nyama, na miguu miwili, jumla nane. Tukaridhika kwamba picha haikudanganya. Akaongeza jingine alilolipata kwa babake, kwamba mkono wa pweza hata ukikatwa hushika. Hilo hatukulisadiki, na ni kweli tupu. Sehemu kubwa ya neva za pweza iko mikononi, si kichwani, na mkono waweza kutenda bila kungoja amri. Ndiyo maradhi ya Octavius hasa: kile kidude cha shingoni cha kuidhibiti mikono chaungua, na kutoka hapo mikono ndiyo yamwongoza yeye. Mara nyingi mikono ile ilikuwa kitu cha kushikika, ikichezeshwa na watu kama vikaragosi, si kompyuta peke yake, na Molina aliipa kila mmoja jina. Nadhani ndiyo maana ilitutisha vile. Ilikuwa na uzito.

Sasa habari ya CD. Picha ni zaidi ya saa mbili, kwa hiyo ilikuja kwa CD mbili, na mjomba alichanga kopi moja na rafiki yake mwenye banda Bombolulu. Bombolulu walianza mwanzo. Wakimaliza CD ya kwanza, kijana wa baiskeli aliileta kwetu, kisha akarudi mbio kungoja ya pili, ili sisi tukimaliza ya kwanza nayo iwe imefika. Ujira wake ulikuwa kuingia bure mabanda yote mawili. Alikuwa mwembamba, baiskeli yake haina breki, na CD aliziweka ndani ya shati, kifuani.

Siku ile CD ya kwanza ilikwisha pale Peter amekwisha itupa nguo yake kwenye pipa la taka, uchochoroni, na yuaondoka ameipa mgongo. Taswira hiyo imetoka kwenye toleo la 50 la Spider-Man la karatasi, la 1967, mchoro wa John Romita, na wapenzi wa vitabu vile wanaiheshimu sana. Sisi tulichojua ni kwamba skrini imekuwa buluu na kijana wa baiskeli hajaonekana.

Mjomba akasema ngojeni. Tukangoja. Mwenye viazi karai aliingia akamaliza sinia yake yote humo humo. Mabishano yakaanza. Wengine: ameacha, na ana haki ya kuacha, kwani amepata nini? Kazi hana, masomo yameharibika, msichana ameposwa na mwanaanga. Wengine: haiwezekani, picha bado, kuna CD nzima. Kwenye benchi la nyuma alikuwa seremala mmoja, mtu mzima, vumbi la mbao bado nyweleni. Huyo hakuwa mtu wa kusema. Akasimama akasema, "Mwacheni apumzike, kijana wa watu," kwa ukali hata wale wadogo wakanyamaza. Sikujua maisha yake wala sikumwuliza mtu. Lakini kila nikiiona sehemu ile leo, humsikia.

Adhana ya Magharibi ikapigwa. Mjomba akazima kila kitu, kama desturi yake, na amri ya mama kwangu ilikuwa Magharibi inikute ndani. Nyanya akaniuliza swali lake. Nikamwambia ameacha, nguo ametia jaani. Akafikiri kidogo. "Hawezi," akasema. "Ameshazoea watu."

Kesho yake CD ya pili ilifika mapema, na ndipo tukaliona treni.

Kwa Mombasa ya wakati huo treni ilikuwa ile ya usiku ya kwenda Nairobi, na mabehewa ya mizigo ya bandarini. SGR, reli mpya, ilikuja 2017. Treni ya kupita juu ya nguzo katikati ya maghorofa hatukuwa hata na pa kuiweka akilini. Pweza anauvunja usukani wa mwendo, treni yaenda bila kushikika, na reli imekatika mbele. Peter kinyago amekwisha kukivua. Anajaribu kwanza kusimamisha kwa miguu, mataruma yanapasuka chini ya nyayo zake mojamoja. Halafu anarusha utando kulia na kushoto, majengoni, mwingi, na kuushikilia. Hapo Raimi hatupi mapigano tena. Anatupa uso wa mtu anayevuta. Nguo yararuka begani na kifuani, mdomo wazi, na nakumbuka wavulana waliokuwa mbele yangu nao walikuwa wamekunja ngumi wakivuta. Treni ikasimama ukingoni kabisa. Peter akalegea, akaanza kuanguka mbele, na mikono ikatoka ndani ya treni ikamdaka.

Kisha wakampitisha juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, mikono yake imetandazwa, hadi ndani ya behewa.

Mlangoni pa banda kulikuwa na mzee wa kahawa. Alikuwa akipita kila alasiri na dele lake na vikombe vidogo akivigonganisha, na siku hiyo alikuwa amesimama akichungulia. Kwetu mtu hupitishwa hivyo siku moja tu. Jeneza likitoka nyumbani wanaume hukimbilia kutia bega, hupokezana, kila mtu ataka apate thawabu. Mzee alipomwona yule kijana juu ya mikono ya watu akasema kwa sauti, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," na banda zima, watoto kwa wakubwa, tukaitikia. Hapakuwa na mzaha. Tulijua amekufa.

Kulikuwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye hukaa mbele akitafsiri. Mengi aliyatia chumvi, na siku nyingine hadithi ilikuwa yake kuliko ya wenye picha. Lakini abiria mmoja alipomwinamia Peter na kumtazama usoni, tafsiri ilitoka polepole: "Mtoto wa watu huyu, jamani. Hata hajampita mwanangu." Peter akafumbua macho. Makelele yaliyotoka humo yaliwaleta watu kutoka barabarani. Mzee wa kahawa alikuwa akisema, "Mzima! Kumbe mzima!" na kumimina kahawa bure kwa aliyekuwa karibu.

Wakaja watoto wawili na kinyago, wakamrudishia, wakamwahidi hawatamwambia mtu. Na Pweza aliporudi kumchukua, abiria wakasimama mmoja mmoja mbele yake, watu wa kawaida na makoti yao ya kazini, kila mmoja akimwambia apite juu yake kwanza.

Nimewahi kuona wanawake wa mtaa wetu wakizivua leso zao mabegani kumzungushia kijana aliyeanguka kifafa karibu na stendi, watu wasimkodolee macho, na jioni hakuna aliyelitaja jina lake. Kwa hiyo nilipoona behewa zima limeushika uso wa mtu na kuukalia kimya, sikuona jambo la kigeni la New York. Niliona watu wenye adabu.

Baadaye nilijifunza kwamba treni ile hata si ya New York. Picha za nje walizipiga Chicago, kwenye reli yao ya juu. Nilijifunza pia kwamba Maguire alikuwa na maumivu ya mgongo hata nusura nafasi yake apewe Jake Gyllenhaal, na kwamba picha ilishinda Oscar ya 2005 ya athari maalumu za picha. Yote hayo nayapenda kuyajua. Hayakupunguza kitu.

Kwenye kundi kuna wanaosema ya 2002 ndiyo bora, na hoja zao si haba. Ile ndiyo ilikuwa picha ya kwanza duniani kupita dola milioni 100 kwa wikendi yake ya kwanza. Na ile ya daraja, watu wa New York wakimrushia Goblin, adui wa picha ile, vitu kutoka juu, ilitoka miezi michache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na ukiitazama ukijua hivyo yakushika koo. Hata hivyo pale darajani watu wanamsaidia Spider-Man mwenye kinyago. Kwenye treni wamemwona Peter. Mimi sitoki hapo.

Mwishoni mwa 2021 tulikwenda Nyali, kundi zima, kuitazama No Way Home, picha ya huyu Spider-Man wa siku hizi iliyowarudisha na wale wa zamani. Molina alipotokea na mikono yake ukumbi ulipiga kelele. Maguire alipotokea, watu wazima wenye kazi na wake zao walisimama juu ya viti. Karibu na mwisho Octavius anamtazama Peter wetu, aliyekwisha kuwa mtu mzima, anamwuliza yu hali gani. Peter ajibu kwamba anajaribu kuwa bora zaidi. Nilikuwa nimeketi baina ya mvuvi wetu wa hesabu ya mikono na dada yake, na swali lile mimi nililisikia kwa sauti ya nyanya yangu, ambaye wakati huo alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Kijana wa baiskeli hakuwepo Nyali. Yuko Doha, kama vijana wetu wengi. Juzi treni lilipotajwa kundini alikaa kimya siku nzima, halafu usiku akatuma sauti ndefu. Akasema: mnajua mimi CD ya kwanza sikuwahi kuiona? Kila picha. Nikiwaletea ya kwanza narudi Bombolulu kungoja ya pili, naitazama huko, nawaletea, naitazama tena na nyinyi. Utoto wangu wote nimeona miisho tu. Spider-Man kwangu alikuwa ni mtu ambaye tayari ameacha kazi. Nilimwona maskini, amevunjika, na sikujua amevunjwa na nini.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Alikuwa akitujia na jasho, tunampokonya CD, tunamsogezea nafasi kwenye benchi, na kuendelea.

Akasema huko Doha yeye ni rider, apeleka chakula kwa pikipiki, na chumbani wanakaa vijana wa nchi tofauti. Wiki iliyopita mmoja wao aliifungua Spider-Man 2 kwenye simu, kutoka mwanzo. Na picha ikaanza na kijana kwenye kipikipiki, chakula kimefungwa nyuma, saa yamkimbiza, foleni imemziba, na mteja mlangoni akimwambia amechelewa, halipi. "Nilimwambia yule mwenzangu asimamishe hapo hapo," akasema. "Nikatoka nje. Jamani, mbona hamkuniambia?"

Wa kwanza kumjibu alikuwa yule mtafsiri wetu wa benchi la mbele. Alituma sauti ya dakika nne, kwa kasi ile ile ya zamani, akianzia kwa Bwana Aziz. Mvuvi akachukua Pweza. Mimi nikapewa shangazi na benki, na ule mkwaruzo. Tukaendelea hivyo mpaka pipa la taka, tukamwachia yeye yaliyobaki.